Matanga ya Tarehe Ishirini na Moja

Kahambu ameketisha nusu ya mji wa Goma, na hayo si maneno ya kumpamba. Ukialikwa harusi pale Mapendo, ukaletewa kiti cheupe cha plastiki, hebu kipindue kwanza kabla hujakikalia. Ukiona herufi K imechomwa chini yake kwa msumari wa moto, ujue hiyo ni mali yake. Harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, matanga, kote ni yeye anayekodisha: viti mia moja na arobaini, maturubai manne, na shemeji yake Prodige mwenye chukudu la mbao, baiskeli ya kusukuma isiyo na pedali, la kuvibebea.

Watu hudhani ile K ni ya Kahambu. Ni ya Kataliko, mumewe.

Kataliko alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, wa aina ile isiyojua kukaa nyumbani siku tatu mfululizo. Mwaka 2012 alishuka Bunagana kuchukua sabuni na mafuta ya kupikia yaliyovuka mpaka kutoka Uganda. Vita vikafika Bunagana kabla yake. Lori lilionekana majuma matatu baadaye, limeinamia mtaroni, milango wazi, mzigo hakuna. Kataliko hakuonekana, wala kofia yake, wala kiatu. Bunduki zilizomkuta zilikuwa za nani, hakuna aliyesema, na waliojua hawakuulizwa.

Basi wazee wa ukoo wakakaa kikao Butembo, wakaamua kwamba bila maiti hakuna matanga. Kumlilia mtu ambaye hujamwona amekufa, walisema, ni kumwua kwa mdomo. Aliyelishikilia neno hilo kuliko wote alikuwa Prodige, mdogo wake marehemu, ambaye miaka ile ukitaja neno marehemu mbele yake ungetafuta ugomvi. "Yaya iko muzima," alikuwa akisema, maana kwao yaya ni kaka mkubwa. "Iko mahali."

Kwa hiyo Kahambu akawa si mke wala si mjane. Parokiani, jina la Kataliko lilisomwa katika nia za misa pamoja na majina ya wasafiri. Msafiri gani huyo aliyeondoka na shati moja, akapitisha miaka kumi na miwili bila kuomba la pili? Kahambu aliitikia "utusikie" pamoja na wengine, kisha akarudi nyumbani kupanga viti vya matanga ya watu wengine. Alijua ni familia gani hulia kwa sauti na ipi hulia kimya, na ni nani hula sana maharage ya wafiwa. Mwenyewe hakuwahi kukaa kwenye mkeka hata siku moja.

Halafu ikaja siku ya hoteli.

Shirika moja lilikodi viti vyake vyote kwa sherehe kando ya ziwa, tarehe ishirini na moja Septemba. Kahambu haachi viti vyake bila kuviangalia, kwa hiyo alisimama nyuma, mgongo ukutani, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya akasikiliza hotuba. Ndipo alipojua kwamba kuna siku kama hiyo. Mataifa yote yalikuwa yamekubaliana, msemaji alisema, kwamba kila mwaka tarehe hiyo ni siku ya amani duniani kote, siku ya kutotumia nguvu, saa ishirini na nne bunduki zote zinyamaze. Alikuwa bado analitamka neno "zinyamaze" wakati mlio mzito ulipotoka upande wa Kibumba, vioo vikatetemeka. Msemaji akangoja upite. Kisha akaendelea pale pale alipokuwa amekomea.

Watu walipewa fulana zenye picha ya njiwa, wakanywa juisi, wakapiga picha. Kahambu alipokuwa anakusanya viti alimwendea mama aliyesimamia sherehe.

"Mama, na ule mwenye alipiga ile kombora, mulimuambia leo ni siku gani?"

Yule mama alicheka, akidhani ametaniwa. Kahambu hakuwa anatania. Hasira ilimwingia siku ile, na hasira yake haipigi kelele; ni hasira ya kurudi kesho. Alitaka jambo moja tu: siku hiyo itoke hotelini, ishuke barabarani, na watu wa Goma waishike mikononi mwao kila mwaka mpaka mwenye kombora naye asikie.

Mwaka wa kwanza alipita sokoni meza kwa meza, akawaambia wauzaji wasimame dakika moja tu, saa sita kamili, waache kupima na kupokea. "Kuko perdiem?" wakamuuliza. "Kuko tisheti?" Mwingine alitaka kujua kama kutagawiwa sabuni. Usiwacheke. Miaka thelathini watu hawa wameitwa kwenye semina za amani, wakalipwa ili wasikilize, na mtu akilipwa ili asikilize hatimaye hasikilizi bure. Saa sita ilipofika, aliyesimama alikuwa Kahambu peke yake, na mwenye nyanya alimwomba asogee, anamzibia wateja.

Mwaka wa pili walikuwa wanawake kumi na tisa. Walitembea kuelekea mzunguko wa barabara wakiwa na vitambaa vyeupe, wakiimba wimbo wa kanisani. Hawakufika ubeti wa pili. Moshi wa kutoa machozi uliwatawanya, na Nabintu, jirani yake Kahambu anayeuza makala, yaani mkaa, alirudi nyumbani na kiatu kimoja. Jioni walikaa uani wakinawa macho.

"Mwaka kesho unarudia?" Nabintu aliuliza.

"Kwani wao hawatarudia?"

Nabintu akasema atahitaji viatu vya kamba.

Mwaka wa tatu, 2024, Kahambu aliamua kwenda kwa utaratibu. Aliandikisha barua, akavaa kitenge chake cha misa, akaipeleka kwenye ofisi ya mkuu wa mji, kwa karani Bashige, mzee mmoja wa kutoka upande wa Bukavu, mpole, mwenye tai fupi na kalamu tatu mfukoni. Wakati huo mkoa mzima ulikuwa chini ya utawala wa kijeshi, na maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku. Bashige aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja, akamrudishia.

"Mama Kahambu, manifestasio banakataza. Balikataza mwaka ile ingine, banakataza na sasa."

"Siko naomba manifestasio, papa Bashige. Batu hawatatembea. Bataikala tu ku viti."

"Batu mia moja kuikala ku barabara, ni manifestasio tu. Inaomba otorizasio, karatasi ya ruhusa, na otorizasio haiko."

Kahambu alimtazama. Alikuwa anaukumbuka vizuri mkeka alioukalia karani huyu miaka miwili nyuma, mbele ya viti vyake, kichwa mikononi.

"Wakati mama yako alikufa, Mungu amupokee, tulifunga barabara siku tatu. Batu mia mbili na viti yangu yote. Otorizasio ulichukua ku nani?"

"Lakini ile ilikuwa matanga, mama! Matanga haiombake otorizasio."

Alipokwisha kusema hivyo, Bashige aliiweka kalamu mezani taratibu. Akatazama mlangoni.

"Mama, mimi sikusema kitu."

"Aksanti, papa. Hata mimi sikusikia."

Akatoka nje, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alikuwa anatabasamu.

Hakutaka ujanja tu, mnielewe. Njiani kurudi nyumbani lilimjia jambo lenyewe: kama dunia imetoa siku moja ya kunyamazisha bunduki, basi siku hiyo ndiyo ya kuwakalia matanga wale ambao bunduki hazikuwarudisha. Kataliko atapata matanga yake. Na wote wasio na kaburi watapata pamoja naye, barabarani, mchana, mbele ya macho ya watu. Hilo ndilo alilolitaka sasa, na alilitaka kwa nguvu zote za miaka kumi na miwili.

Akapanda mpaka Kanyaruchinya, kwenye kambi ya wakimbizi, akaingia hema kwa hema. Mle hakuhitaji hotuba. Mle kulikuwa na wanawake walioacha maiti za wazee wao kando ya njia, kwa sababu mikono ilikuwa imebeba watoto.

"Matanga ya nani, mama?" walimuuliza.

"Ya ule mwenye haukumulilia."

Hakuna aliyeuliza perdiem. Ndiyo ajabu ya neno matanga. Kwenye semina unakwenda mikono mitupu na kurudi na kitu. Kwenye matanga wewe ndiye unayekwenda na kitu mkononi, hata kama ni kikombe kimoja cha sukari. Wanawake wasio na unga wa jioni walianza kushauriana nani ataleta chumvi.

Aliyekataa alikuwa Prodige.

"Siwezi beba viti ya kulilia mutu mwenye iko muzima," alisema, amesimama mlangoni na mikono yake mikubwa ya kusukuma chukudu. "Yaya akirudia, tutamuambia nini? Ya kama tulimuzika na mdomo?"

"Akirudia nitapiga magoti mbele yake mwenyewe," Kahambu alisema. "Utabeba viti ya Nabintu na ya bale ba Kanyaruchinya. Ya bwana yangu nitabeba ku kichwa."

Prodige alibeba. Alinuna njia nzima, lakini alibeba.

Tarehe ishirini na moja mwaka ule iliangukia Jumamosi, na Jumamosi asubuhi ni salongo: maduka yamefungwa, kila mtu yuko nje na ufagio au jembe, kwa amri. Amri ilikuwa safi, Kahambu akaitii kuliko wote. Barabara yao ya Mapendo ilifagiliwa kutoka mwanzo hadi mwisho, yale majivu meusi ya volkano yakakusanywa pembeni, mitaro ikazibuliwa. Mtu aliyesimamia salongo aliwasifu. Alipoondoka, matawi mabichi yaliwekwa mwanzoni mwa barabara, kama inavyofanywa penye msiba, maturubai yakafungwa, na viti mia moja na arobaini vikapangwa.

Watu walikuja. Walikuja na maharage, na makala, na mafuta ndani ya chupa. Walikuja wa Kanyaruchinya kwa miguu. Walisalimia kwa sauti ya chini, wakakaa kwenye viti kama wanavyokaa wageni. Kahambu alivua viatu, akatandika mkeka mbele ya wote na kukaa chini, kwa maana mwenye matanga hakai kwenye kiti. Alikuwa peke yake mkekani. Nabintu mwenyewe, ambaye kijana wake aliondoka kwenda kuchoma makala na hakurudi, alikaa kitini, amefumbata mikono. Wote walikuwa wamekuja kumlilia wa Kahambu. Kumkubali wako mwenyewe amekufa ni kazi nyingine. Prodige alisimama mbali, ameegemea chukudu lake.

Karibu na saa nne magari mawili ya polisi yalisimama penye matawi. Komanda aliteremka, mtu wa makamo, jasho shingoni, na nyuma yake vijana wenye bunduki. Akapita katikati ya viti mpaka mkekani.

"Nani alikufa hapa?"

"Bwana yangu," Kahambu alisema bila kuinuka. "Kataliko."

"Alikufa lini?"

"Deux mille douze," alijibu, mwaka ule wa Bunagana.

Komanda aligeuka kuwatazama watu wake, kisha akamrudia.

"Mama, unanichezea. Maiti iko wapi?"

"Ile swali, Komanda, niko nauliza tangu myaka kumi na mbili. Kama weye unajua jibu, ikala hapa uniambie."

Mnong'ono ulipita kwenye viti. Komanda aliusikia, na mtu wa cheo chake hapendi kuusikia. Akapandisha sauti ili barabara nzima imsikie.

"Hakuna maiti, hakuna matanga! Hii ni manifestasio. Munyanyuke. Viti zote ku gari!"

Pale kwenye chukudu, Prodige alikiinua kichwa. Lilikuwa neno lake hilo. Alikuwa amelisema miaka yote ile, kwa upendo, kwa ajili ya kaka yake, na sasa alilisikia likitoka kwenye kinywa cha mtu aliyekuja na bunduki kuwafukuza wanaolia.

Polisi walianza kazi. Walivuta viti hata chini ya vikongwe, wakavirusha garini, kimoja juu ya kingine, vingine vikapasuka miguu. Kahambu aliona riziki yake yote ikipanda gari mbele ya macho yake, lakini hakuinuka mkekani. Hapo ndipo Prodige alipoinama. Goma haina shida ya mawe. Volkano imeyamwaga kila mahali. Aliokota moja la kujaza viganja viwili, jeusi, lenye kingo kali, akaja nalo mbio. Vijana watatu wa polisi walimwelekezea bunduki kwa pamoja. Watu wakapiga yowe.

"Prodige!"

Kahambu hakuwa na sauti kubwa, lakini hiyo ilifika.

"Leo ni siku gani?"

Prodige alisimama, jiwe juu ya bega, kifua kikipanda na kushuka.

"Nimezunguka mji huu myaka tatu," Kahambu alisema. "Nimelia na moshi. Sikuzunguka juu weye uniaribie leo. Banachukua kiti yako? Una ingine ku mikono. Leta. Ikala juu yake."

Yule shemeji yake alimtazama Komanda, akazitazama bunduki, akamtazama mwanamke aliyekaa peke yake kwenye mkeka wa kaka yake. Kisha akatembea hatua nne zilizobaki, akaliweka lile jiwe kando ya mkeka, akalikalia. Alikaa kama mtu mzito aliyechoka. Akauficha uso mikononi.

"Yaya," alisema. "Yaya yangu."

Akalia. Alilia vibaya, kwa kwikwi, kama asiyewahi kujifunza, mpaka kijana mmoja wa polisi akashusha bunduki na kutazama pembeni.

Nabintu ndiye aliyefuata. Kiti chake kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa. Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kwenye udongo mweusi waliokuwa wameufagia asubuhi, akalitaja jina la kijana wake. Kisha wanawake wa Kanyaruchinya. Kisha mafundi, na mwenye duka la simu, na wazee walionyang'anywa viti. Kila mmoja alishuka chini na jina la mtu wake mdomoni. Asubuhi ile walikuwa wamekuja wageni mia moja na arobaini kwa mfiwa mmoja. Sasa mgeni hakuwepo. Wote walikuwa wamekaa chini, na anayekaa chini ndiye mwenye matanga.

"Muondoke!" Komanda alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Tuende wapi, Komanda?" Kahambu alimuuliza. "Hapa njo ku matanga."

Aliagiza wapakiwe garini. Vijana wake wakamtazama, halafu wakayatazama magari. Yalikuwa yamejaa viti mpaka juu, miguu ya plastiki ikichungulia kila upande. Hapakuwa na nafasi ya kupakia hata mtu mmoja. Mahali fulani kwenye ile barabara iliyojaa machozi, bibi kizee alicheka. Komanda akapanda mbele, akafunga mlango kwa kishindo, na magari yakaondoka na viti. Watu walikaa mpaka jioni. Walikula maharage.

Viti havikurudi. Leo Kahambu anakodisha mikeka na sufuria kubwa, na msimu wa harusi analala na njaa zaidi kuliko zamani. Tusidanganyane kwamba ushujaa unajaza sahani. Mwanzoni mwa 2025 vita viliingia mjini kwenyewe, wakubwa wakabadilika, bunduki zikabadilisha mikono. Kambi ya Kanyaruchinya haipo tena, watu wake wametawanyika. Bashige bado anapitapita kwenye ofisi ile ile kutafuta mshahara wake. Siku moja alimnong'oneza Kahambu kwamba viti vyake viko mle ndani, vizima karibu sitini, na kwamba wale wa kwanza walivikalia, na hawa wapya wanavikalia pia.

"Nikuandikie barua ya kuviomba?"

"Acha tu," Kahambu alisema. "Siku moja batavipindua, batauliza K ni ya nani. Pale njo weye utabaambia."

Septemba ilipokaribia, rafiki zake walimsihi atulie. Wakubwa hawa hawana mchezo, walimwambia. Yeye alijibu kwamba hata wale wa kwanza hawakuwa na mchezo, akaenda kuanika mikeka. Safari hii hakulazimika kupita barabarani mwenyewe. Prodige alikuwa ametoka asubuhi na chukudu tupu, akisimama penye kila lango la Mapendo, na kila aliyemfungulia alimwambia maneno yale yale.

"Tarehe makumi mbili na moja, tuko na matanga ya yaya yangu Kataliko. Musilete viti."